Siri yako ikivuka mpaka, andaa hesabu kabla ya kutafuta wakili

Mwezi uliopita, upande wa Tanzania wa mpaka wa Namanga, mama mmoja anayeuza unga wa lishe aliniomba nimsaidie kusoma barua kutoka kwa wakili wake. Amekuwa akivusha unga huo kwenda Kajiado na Nairobi kwa miaka tisa. Msaidizi wake, kijana aliyemfundisha kazi yote kwa miaka minne, aliondoka bila kuaga. Baada ya wiki chache unga wenye ladha ileile ulianza kuonekana upande wa Kenya ukiwa kwenye mfuko wa msindikaji mwingine, tena kwa bei ya chini kidogo. Wateja wake watatu wakubwa wakahama. Alipofungua simu ya zamani ya dukani, alikuta kijana amelipiga picha daftari lake ukurasa kwa ukurasa: vipimo vya mahindi, ulezi, soya na karanga, muda wa kuchemsha soya kabla ya kuianika ili unga usiwe mchungu, na majina ya wakulima wanaomuuzia.

Alikwenda polisi. Akaulizwa, "Sasa mama, kilichoibiwa ni nini?" Akajibu kwamba ni daftari. "Liko wapi?" Akalitoa kwenye mkoba. Mazungumzo yakaishia hapo.

Barua ya wakili ilikuwa na sentensi moja iliyomchanganya: aeleze hasara aliyoipata kwa kiasi cha fedha, pamoja na vielelezo. "Mwanangu," aliniambia, "najua nimeumia. Lakini shilingi ngapi, hapo nitajuaje?"

Nimekuwa nikiripoti habari za Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa miaka kadhaa, na huwa tunazungumza sana kuhusu ushuru, mizani, vyeti vya uasili na foleni za malori. Siri ya biashara hatuigusi, ingawa kwa mfanyabiashara mdogo ndiyo mtaji wenyewe. Unga kila mtu anauza. Kinachomtofautisha mama huyu na jirani yake ni kile kilichokuwa kwenye daftari. Na maoni yangu ni kwamba tatizo kubwa katika nchi zetu haliko kwenye kumthibitisha mwizi. Liko kwenye fidia. Hata ukishinda kesi, njia za kuhesabu fidia zilizozoeleka mahakamani zinamfaa mwenye mhasibu na vitabu vya hesabu, na zinamwacha nje mtu wa daftari.

Kwanza tuelewane siri ni kitu gani. Mkataba wa haki miliki wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika mwaka 1995, unaitaja katika Ibara ya 39: ni taarifa isiyojulikana kwa watu wa fani hiyo, yenye thamani kibiashara kwa sababu ni siri, na ambayo mwenyewe amechukua hatua za maana kuilinda. Hayo matatu lazima yawepo kwa pamoja. Maelezo ya unga wa lishe yaliyobandikwa ukutani kwenye kliniki ya wajawazito si siri ya mtu. Namna yako ya kuchemsha soya inaweza kuwa siri, mradi hukuisimulia kwenye kikundi cha WhatsApp cha kinamama wajasiriamali.

Sheria za nchi zetu hazifanani. Uganda ina sheria iliyotungwa kwa jambo hili peke yake, Sheria ya Ulinzi wa Siri za Biashara ya mwaka 2009, inayoiruhusu mahakama kumzuia mkosaji na kumwamuru alipe fidia. Kenya na Tanzania Bara hazina sheria ya namna hiyo. Wakili ataegemea mkataba kati yako na aliyekusaliti, pamoja na kanuni tulizorithi kutoka mahakama za Kiingereza kuhusu mtu aliyeaminiwa na kuvunja uaminifu. Congo inafuata mkondo wa Ubelgiji: kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria yake ya madai kinasema, kwa ufupi, kwamba aliyesababisha hasara kwa kosa lake anawajibika kuirekebisha. Kwa hiyo daftari moja likivushwa kutoka Arusha hadi Nairobi, kisha Kampala hadi Goma, linapita katika mifumo minne tofauti.

Sasa tuje kwenye fedha. Kwa kawaida, fidia ya siri iliyoporwa inahesabiwa kwa njia tatu.

Ya kwanza ni hasara yako. Ulikuwa unapata nini, sasa unapata nini, tofauti ni kiasi gani. Tuchukue hesabu ya kubuni. Ulikuwa ukivusha mifuko 40 kwa wiki, kila mfuko ukikuachia faida ya shilingi 6,000 za Tanzania. Hiyo ni 240,000. Sasa unavusha 22, yaani 132,000. Pengo ni 108,000 kwa wiki, na kwa wiki 26 ni 2,808,000. Inaonekana rahisi. Lakini wakili wa upande wa pili atasimama na kuuliza: je, mahindi hayakupanda bei miezi hiyo? Hakukuwa na muuzaji mwingine mpya? Shilingi haikuyumba? Kila jibu la "ndiyo" linapunguza kiasi. Kisha atasema kwamba mtaalamu yeyote wa lishe angeweza kununua mfuko wako, kuupima na kuja na unga kama huo baada ya miezi mitatu, na kufanya hivyo si kosa. Akikubaliwa, fidia yako ni ya kipindi kile tu ambacho mwenzako alitangulizwa mbele kwa hila. Wiki 13 badala ya 26. Tumebaki na 1,404,000, na bado hatujaonyesha risiti hata moja.

Risiti ndizo zinazotuua. Mahakama za Afrika Mashariki zina kanuni wanayoijua mawakili wote: hasara mahususi lazima itajwe wazi kwenye madai na ithibitishwe kikamilifu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliisisitiza katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, lililoripotiwa mwaka 1992, na imerudiwa mara nyingi baada ya hapo. Ukishindwa kuthibitisha, jaji anaweza kukupa fidia ya jumla, kiasi anachoona yeye kinafaa. Mara nyingi kinatosha nauli na karatasi.

Njia ya pili inageuza kioo: badala ya hasara yako, inatazamwa faida ya aliyekuibia. Alipata nini kwa siri yako? Akitoe. Mahakama za Kiingereza hukutaka uchague, ama hasara yako ama faida yake, kwa sababu huwezi kulipwa mara mbili kwa mfuko uleule. Njia hii inapendeza masikioni, lakini inataka vitabu vya hesabu vya mtu aliye upande wa pili wa mpaka, ambaye hana haraka ya kukuonyesha. Na kama anauza bidhaa kumi, atadai faida yote ilitoka kwenye zile tisa nyingine.

Njia ya tatu ndiyo ninayoitetea. Mwaka 1967 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilisikiliza shauri la mvumbuzi aitwaye Seager dhidi ya kampuni ya Copydex. Seager alikuwa amezungumza na kampuni hiyo kuhusu kifaa chake cha kushikiza zulia kwenye ngazi. Katika mazungumzo akawaeleza pia wazo la kifaa kingine. Hawakukubaliana, wakaachana, kisha kampuni ikatoa kifaa kilichofanana sana na wazo lile. Mahakama ilikubali kwamba hawakukusudia kumwibia. Walisahau tu kwamba wazo lilitoka kwake. Bado ikasema walipe. Shauri liliporudi mwaka 1969 kwa ajili ya kiasi, Jaji Lord Denning aliweka kipimo ambacho muuza nyanya yeyote angekielewa. Kama taarifa haikuwa na jambo la pekee, kiasi kwamba mshauri yeyote wa kazi hiyo angeweza kuitoa, basi thamani yake ni ada ambayo mshauri huyo angelipwa. Kama ilikuwa ya pekee, thamani yake ni bei ambayo muuzaji aliye tayari kuuza na mnunuzi aliye tayari kununua wangekubaliana.

Soma tena kipimo hicho ukimfikiria mama wa Namanga. Haulizwi mauzo ya wiki 26. Haulizwi vitabu vya mtu wa Nairobi. Anaulizwa: msindikaji huyu angekuja dukani kwako kwa adabu, akataka umuuzie vipimo vyako na namna ya kuandaa soya, mngepatana bei gani? Swali hilo anaweza kulijibu. Wasindikaji wengine wawili wanaweza kuja kutoa ushahidi wa bei. Mtaalamu wa lishe anaweza kusema angetoza kiasi gani kutengeneza mchanganyiko kama huo, na hapo tunapata angalau kiwango cha chini.

Hukumu za Uingereza za miaka hiyo hazimfungi jaji wa Arusha wala wa Nairobi. Zinaweza tu kumshawishi. Ndiyo maana nasema jambo hili lisiachwe kwa bahati ya jaji utakayempata. Umoja wa Ulaya, katika maelekezo yake ya mwaka 2016 kuhusu siri za biashara, umeruhusu mahakama kutoa fidia ya mkupuo inayoanzia angalau kwenye malipo ambayo mkosaji angelipa kama angeomba ruhusa. Marekani, mwaka huohuo wa 2016, ilitunga sheria ya shirikisho inayotaja malipo ya kuridhisha ya matumizi kama njia mojawapo. Sisi tunaojiita soko la pamoja hatuna sentensi kama hiyo.

Kuna watakaosema tuige Marekani moja kwa moja. Sheria yao inaruhusu, mtu akipora siri kwa makusudi na nia mbaya, kuongezewa adhabu hadi mara mbili ya fidia. Magazeti hupenda tarakimu zake. Mwaka 2022 jopo la wananchi huko Virginia liliipa kampuni ya programu ya Appian zaidi ya dola bilioni 2 dhidi ya Pegasystems. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ya jimbo hilo iliitengua hukumu hiyo, na sababu mojawapo ni jinsi jopo lilivyoelekezwa kuhusu nani abebe mzigo wa kuonyesha ni mauzo yapi yalitokana na siri na yapi hayakutokana nayo. Hata huko, basi, swali lililoangusha mabilioni ni lilelile la mama yetu: uhusiano kati ya daftari na shilingi. Sina hamu na adhabu kubwa za kuvutia vichwa vya habari. Nataka kiasi kidogo kinacholipika.

Lazima pia niseme lisilopendeza kwa baadhi ya wasomaji. Wengi wenu mlianza kama wasaidizi wa mtu. Mlijifunza kwake namna ya kupima dagaa kwa macho, kumjua mkopaji mbaya, kupanga mzigo usivunjike barabarani. Ujuzi huo ni wenu. Mwaka 1986 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikataa madai ya kampuni ya Faccenda Chicken, iliyokuwa ikizungusha kuku wabichi kwa magari ya baridi. Meneja wake wa mauzo aliondoka, akaanzisha biashara kama hiyo katika eneo lilelile, na baadhi ya wenzake wakamfuata. Kampuni ililalamika kwamba wanatumia majina ya wateja, njia za magari, siku za kupeleka, kiasi na bei. Mahakama ikasema taarifa za namna hiyo, mtu akiwa amekwisha kuacha kazi na anazo kichwani, hazikufikia kiwango cha siri inayoendelea kumfunga. Nakubaliana na hukumu hiyo. Tukifanya kila anayeondoka kuwa mwizi, vijana watabaki vibarua mpaka uzeeni.

Lakini mahakama zilezile zinatofautisha kichwa na karatasi. Anayenakili orodha akiwa bado kazini, au kuikariri kwa makusudi ili akaitumie nje, amevunja uaminifu. Picha za daftari kwenye simu ziko upande huo. Mama wa Namanga asipoteze nguvu akidai wateja watatu waliohama. Adai vipimo na soya, na azitunze zile picha pamoja na tarehe zake.

Vipi kuhusu msindikaji wa upande wa pili, ambaye huenda atasema alimwajiri kijana mwenye ujuzi tu? Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Juu ya Uingereza iliamua shauri la vyandarua vyenye dawa kati ya Vestergaard Frandsen na Bestnet. Mmoja wa washtakiwa alikuwa ameshiriki kuanzisha kampuni mpya, lakini siri yenyewe hakuwahi kuijua wala hakujua kwamba inatumika; mahakama ikamwondolea lawama. Kwa mfanyabiashara somo lake ni la haraka: mwandikie barua anayenufaika mara tu unapogundua. Kuanzia siku anapoipokea hawezi tena kusema hakujua. Barua ya ukurasa mmoja, iliyopokelewa kwa saini, inaweza kuwa na thamani kuliko mashahidi watano.

Na kabla hata ya siku hiyo, kuna karatasi nyingine. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, kifungu cha 74, inasema kwamba mkataba ukitaja kiasi kitakacholipwa utakapovunjwa, aliyevunjiwa anastahili fidia ya kuridhisha isiyozidi kiasi hicho, awe amethibitisha hasara halisi au la. Maneno hayo ya mwisho ni dhahabu kwa mtu asiye na mhasibu. Andika na msaidizi wako ukurasa mmoja: mambo haya na haya ni siri ya duka, usiyanakili, usiyapeleke kwingine, ukifanya hivyo utalipa kiasi fulani. Usiandike milioni 100 kwa kijana unayemlipa laki mbili. Mahakama za Tanzania zitakishusha, na za Kenya zinaweza kukiona ni adhabu na kukitupilia mbali. Andika bei ambayo wewe mwenyewe ungekubali kuuza siri hiyo. Utakuwa umekwisha kujibu swali la Lord Denning kabla hajaliuliza.

Vielelezo mnavyo vingi kuliko mnavyodhani. Taarifa ya miamala ya simu, iwe M-Pesa au mtandao mwingine, inaonyesha mteja gani alilipa nini na aliacha lini. Cheti rahisi cha uasili mnachojaziwa mpakani kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kina tarehe, aina ya bidhaa na thamani. Wengi huvitupa mzigo ukishapita. Mama wa Namanga alikuwa ametupa vyote isipokuwa vya mwaka huu.

Linabaki suala la mpaka wenyewe. Ukishinda Arusha, mdaiwa yuko Nairobi. Sheria ya Kenya ya kutekeleza hukumu za nje inazitambua Tanzania, Uganda na Rwanda miongoni mwa nchi chache ilizoziorodhesha, kwa hiyo hukumu inaweza kusajiliwa huko na kutekelezwa. Burundi na Congo hazimo kwenye orodha hiyo, na mwenye hukumu ya Bujumbura au Bukavu anakabiliwa na safari ndefu zaidi. Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha haisikilizi ugomvi wa watu binafsi, isipokuwa kwa mlango mmoja ambao wachache wanautumia: Ibara ya 32 ya Mkataba wa Jumuiya inairuhusu kusuluhisha mgogoro wa kibiashara iwapo wahusika waliweka kifungu hicho kwenye mkataba wao. Kwa anayempa msindikaji wa nchi jirani vipimo vyake ili wazalishe pamoja, kifungu hicho hakigharimu chochote kukiandika.

Kwa msaidizi aliyetoroka na picha, hakuna mkataba wa namna hiyo. Hapo ndipo Bunge la Afrika Mashariki linapohitajika. Nchi zetu nyingi zimo katika kundi la nchi maskini zaidi na zimepewa hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kutekeleza sehemu kubwa ya mkataba ule wa Shirika la Biashara Duniani. Muda huo umegeuka kisingizio cha kukaa kimya, kana kwamba siri za biashara ni mali ya viwanda vya Ulaya. Ninachoomba ni kifupi: sheria ya Jumuiya iseme kwamba siri ikithibitika imeporwa, fidia haitapungua bei ambayo ingelipwa kwa makubaliano, na hukumu ya namna hiyo itekelezwe katika kila nchi mwanachama. Kamati za Bunge hilo hupokea wageni, na vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vina viongozi wanaojua njia ya kwenda Arusha.

Tulikaa na yule mama mchana kutwa kwenye benchi nje ya duka lake, tukiandika. Mwanzoni alitaka kudai milioni 30. Nilimuuliza kama angemuuzia mtu vipimo vile kwa kiasi gani, siku ya kawaida, bila hasira. Akanyamaza kwa muda, akahesabu vidole, akataja milioni nne, kwa sharti kwamba mnunuzi asiuze upande wa Kajiado. Ndicho kiasi kilichoandikwa kwenye barua aliyopelekewa msindikaji wiki mbili zilizopita. Amesaini kwamba ameipokea. Jibu bado halijaja.